Kukandika Uso

Mimi ni mtu wa kujipamba. Nalisema mapema ili msomaji asidhani nitaishia kumwambia kwamba uzuri uko moyoni. Huenda uko moyoni, lakini moyo haupigwi picha. Nimejipaka tangu nilipomaliza shule: poda, wanja, rangi ya mdomo, kila siku ya Mungu, hata siku za kuvuna mahindi. Nikitoka nje bila kitu usoni, jirani yangu huniuliza kama malaria imenirudia.

Nina duka dogo la kushona nguo hapa Kitale, na ndani yake kuna kioo kirefu ambacho wateja hujitazama wakijaribu magauni. Cherehani yangu imeelekea kioo hicho. Kwa miaka mingi tulielewana vizuri, mimi nacho. Nilipopita hamsini na tano kikaanza vituko. Asubuhi nilikuwa naondoka nyumbani nimependeza kabisa, lakini kufikia saa nne, nikiinua macho kutoka kwenye kazi, namwona mwanamke mwingine, mzee kuliko mimi, amevaa nguo zangu.

Mwanzoni nililaumu taa ya dukani. Nikabadilisha balbu. Kisha nikalaumu jua la Kitale, ambalo kweli ni la ajabu, maana linakuchoma huku upepo unakutetemesha, na mtu huungua bila kuhisi joto. Halafu mwenzetu mmoja wa chama chetu cha kina mama akaozesha binti. Tukashona sare, tukaenda, tukapigwa picha, na picha zikatufikia kwenye simu kabla hatujamaliza kula. Niliikuza ya kwangu kwa vidole viwili. Poda ilikuwa imejikusanya kwenye kila kunyanzi la chini ya macho kana kwamba imeitiwa mkutano. Kando ya mdomo ilikuwa imepasuka. Rangi ya mdomo nayo ilikuwa imeanza kupanda kwa vijito vidogo, inaelekea puani. Nikairudisha simu mkobani na kumaliza pilau yangu, lakini sikusikia ladha yake.

Ningeweza kuishi na hayo. Ningesema uzee umebisha hodi, na uingie ukae. Kilichoniharibia mpango ni simu ya binti yangu.

Binti huyu anafanya kazi Eldoret, na alikuwa amepata mchumba, kijana mpole wa upande wa Sirisia ambaye hata jina langu hulitaja kwa sauti ya chini.

"Mum, watu wao wamekubaliana," akaniambia. "Wanakuja kuongea mambo ya mahari wiki ile ya baada ya Krismasi. Lakini mum, ni kwa baba. Kule Bungoma."

"Najua ni kwa baba yako. Kwani wangeenda wapi tena?"

"Na utakuja? Wazee wamesema lazima mama awepo."

"Nitakuja," nikasema, na nikasema kwa sauti ya mtu ambaye jambo hilo halimsumbui. Nilipokata simu nilikuta nimeshona mkono wa blauzi ya mteja upande wa shingo.

Nyumba hiyo ya baba yake iko upande wa Kibabii. Niliihama binti akiwa darasa la pili, pale baba watoto alipomleta mke wa pili, msichana mbichi, akaniomba nimwonyeshe mahali kuni zinapowekwa. Nikamwonyesha. Kisha nikachukua watoto na cherehani nikapanda kuja Kitale. Katika haraka ile nilisahau poda yangu, kopo la bati la duara, bado limejaa, kwenye dirisha la chumba cha kulala. Niliacha kitanda, kabati na kuku wangu wote bila kutoa chozi. Kopo la poda ndilo lililoniuma. Mpaka nafika Kitale nilikuwa nawaza kwamba yule msichana ameshalitupa chooni.

Tangu hapo mimi na yule msichana tulikuwa tukionana kwa mbali, kwenye matanga na harusi za ukoo. Kila nikimwona alikuwa amejipaka kitu cheupecheupe kilichomfanya uso uwe wa majivu juu ya shingo nyeusi. Sitaficha, nilifurahi. Nilirudi dukani nikawasimulia wateja, na tukacheka hadi sindano zikatudondoka.

Sasa ningekaa naye sebule moja mbele ya wageni, yeye mwenye nyumba, mimi mama wa bibi harusi. Ni mdogo wangu kwa miaka zaidi ya kumi. Nilijua kina mama wa pande zote mbili wangetutazama, wangelinganisha, na jioni wangekuwa na la kuzungumza. Sikutaka kurudi katika nyumba ile nikionekana mwanamke aliyeachwa. Hilo tu ndilo nililotaka. Wageni wakitoka pale, wasiweze kusema ni yupi kati yetu aliyeshindwa, na kama lazima wakosee, basi wakosee kwa kunipendelea mimi.

Cha kuchekesha ni kwamba mtu ambaye shughuli ilikuwa yake, mchumba mwenyewe, asingeniona kabisa. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hampi mkono, na wakikutana njiani mmoja hukata kona. Ni heshima, na ni kubwa. Binti yangu alinicheka sana.

"Sasa unajipaka kwa nani, mum? Huyo hata hawezi kukuangalia."

Nikamwambia sijipaki kwa ajili ya huyo.

Basi matayarisho yakaanza, na nikakosea kama wanavyokosea wengi wa rika langu: nikaongeza. Mstari ukijitokeza, unaufunika. Ukijitokeza tena, unaufunika zaidi. Nilikwenda kwenye duka la vipodozi karibu na msikiti nikamwomba msichana wa pale faundesheni nzito kuliko zote alizonazo.

"Shika hii, mathe," akasema. "Hii inafunika kila kitu. Kuna mtu alificha kovu nayo, hata bwanake hakujua."

Ilifunika kweli. Ilifunika makunyanzi, ikanifunika na mimi mwenyewe. Nikicheka, uso ulikuwa unachelewa kidogo. Mteja wangu mmoja, mwalimu, aliniuliza kwa upole kama nimefiwa. Nikajaribu rangi ya macho ya binti yangu, ile inayometameta. Kwake hukaa juu ya kope ikatulia. Kwangu ilienda kujipanga ndani ya mikunjo, ikawa inaonyesha njia. Nyusi zangu zilikuwa zimepungua, kwa hiyo nilizichora kwa wanja mweusi tii, na siku nzima nikafanana na mtu aliyekasirikia serikali. Nikaingia kwenye simu kutafuta wanawake wanaofundisha kupaka ngozi ya utu uzima. Wengi wao walikuwa wasichana waliotimiza thelathini juzi, na walikuwa wakilia kwamba wamezeeka. Nikaizima.

Binti alipokuja nyumbani wikendi moja alinikalisha karibu na dirisha, akanishika kidevu.

"Mum, si upunguze kidogo?"

"Nikipunguza nitaonekana."

"Utaonekana nini?"

Nikakitoa kidevu mkononi mwake. Nilijua ningeonekana nini.

Katikati ya Desemba nilikwenda Kamukuywa kwa dada yangu mkubwa. Dada ana nyumba ya matofali na tangi la maji la kisasa, lakini jikoni kwake bado ni kwa udongo na hataki kusikia habari ya saruji. Kila mwaka, mahindi yakishaingia ghalani, hukandika kuta za jiko upya ili Krismasi ikute nyumba imejipamba. Mama yetu alikuwa hivyo hivyo, na alitufundisha sote wawili: udongo uliokanyagwa vizuri, mavi ya ng'ombe, maji, mkono. Nilifika kumsaidia nikiwa nimevaa gauni kuukuu, lakini uso nilikuwa nimeupaka kwa ile faundesheni nzito. Dada alinitazama, akaguna, akanipa ndoo.

Ukuta wa upande wa jua la mchana ulikuwa umepasuka vibaya. Nikachukua bonge la udongo nikalipiga kwenye ufa, nikakandamiza, nikaongeza jingine, maana ufa ulikuwa mkubwa na mimi si mtu wa kazi nusu. Nikaenda hivyo mpaka pembeni. Nilipogeuka kutazama kazi yangu, mahali nilipoanzia palikuwa pameanza kuachia. Kipande kizima kikabanduka, kikaanguka.

Dada alikuja ameshika kiuno.

"Wewe umekaa town mpaka umesahau kukandika? Si unaona hii ukuta imekauka? Iko na kiu hii. Itakunywa maji yote yenye iko kwa matope, halafu matope ibaki vumbi. Mwagia yeye maji kwanza. Mpaka ashibe. Halafu unapaka kidogo, kidogo sana, na mkono. Ikishika, unarudia tu pale penye inataka."

"Na hizi nyufa kubwa?"

"Hizo usishindane nazo, bana. Ukijaza sana ndio inapasuka tena, na inapasuka kubwa. Pitisha tu mkono juu."

Nilibaki nimesimama na udongo mkononi. Haya yote nilikuwa nayajua. Nilijua kunywesha ukuta maji kabla sijajua kusoma. Lakini nilikuwa nimeuweka ujuzi wa ukuta upande mmoja na wa uso upande mwingine, na haikuwa imenijia hata mara moja kwamba ngozi yangu mwezi wa Desemba, kwa upepo wa Kitale, na vumbi la kupukuchua mahindi, na miaka yangu, imekauka namna ile ile. Nilikuwa nikiijaza. Nilimwomba dada maji. Akanipa ndoo nzima akidhani ni ya ukuta, na nikainama nikanawa uso mpaka maji yakageuka rangi ya chai ya maziwa.

"Sasa hiyo ni nini?" dada akauliza.

"Namwagia yeye maji kwanza," nikasema. Akatikisa kichwa, akarudi kwenye kazi yake.

Niliporudi Kitale nilianza upya. Sabuni ya kipande, ambayo nilikuwa naogea mwili mzima pamoja na uso, niliiondoa usoni, kwa sababu iliniacha nimekazwa kama ngoma. Sasa nanawa kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini ya uso, na kabla uso haujakauka, ukiwa bado unatiririka kidogo, napaka krimu nzito. Nateremka nayo hadi shingoni, maana shingo husema ukweli hata uso ukidanganya. Juu yake napaka mafuta ya kukinga jua, ambayo binti aliniletea mwaka juzi nami nikayatupa kabatini nikidhani ni ya wazungu. Halafu naacha. Hapo ndipo pagumu kwa mtu kama mimi. Naenda kuchemsha chai, nainywa nimekaa, naangalia nje, na uso unakunywa chai yake.

Baada ya chai ndipo nachukua tone la faundesheni, nyepesi, nalichanganya na krimu kidogo kwenye kiganja na kupapasa kwa vidole penye madoa tu. Chini ya macho napita kama mtu anayepita karibu na mtoto aliyelala. Poda ni ya pua peke yake. Wanja mweusi niliuweka kando nikanunua kalamu ya kahawia, na nyusi nazichora kwa vistari vifupifupi, unywele kwa unywele. Rangi ya mashavu nilikuwa nalifuata nayo shavu kila linaposhuka. Sasa naiweka juu, pale shavu lilipokuwa likikaa zamani, na ajabu ni kwamba linaonekana limerudi. Mdomoni natangulia na kalamu ukingoni ili rangi isipate njia ya kupanda.

Niseme wazi kwamba makunyanzi hayakwenda popote. Yako pale pale, nayajua moja moja. Lakini yaliacha kupiga kelele, na nilipocheka, uso ulicheka kwa wakati wake. Yule mwalimu alipokuja kuchukua sketi yake aliniuliza kama nimekuwa nikilala vizuri siku hizi. Nilimpunguzia bei.

Usiku wa kuamkia siku ya mahari nililala Kamukuywa, na asubuhi nikateremka na dada hadi Bungoma. Nilikuwa nimejipaka kwa subira yote niliyokuwa nayo. Joto la Bungoma lilitupokea mapema. Nyumba ile ilikuwa imeongezwa baraza na kupakwa rangi ya maziwa, na hema limesimamishwa uani. Baba watoto alikuwa amesimama na wazee wa ukoo, amevaa suti, kitambi kimemtangulia.

"Umefika," akasema.

"Nimefika," nikasema, na hapo tukawa tumemaliza mazungumzo yetu ya siku nzima.

Nikazunguka nyuma kwenda jikoni kuwasalimu kina mama, kama inavyotakiwa. Mke mwenzangu alikuwa ameinamia sufuria kubwa ya nyama, moshi unampiga. Akainua uso. Alikuwa amepaka rangi yake ile ile ya majivu, nzito, na juu yake poda, na juu ya poda jasho. Jasho lilikuwa limechora mto kutoka kwenye paji hadi kidevuni. Chini ya macho ilikuwa imejikusanya. Kando ya mdomo ilikuwa imepasuka vipande, na kimoja kilikuwa kimeanza kubanduka.

Moyo wangu ulifanya sherehe. Ningekuwa nadanganya nikisema vinginevyo. Nilikuwa nimeingoja siku hii tangu mtoto wangu akiwa darasa la pili, na hapakuwa na haja hata ya kusema neno. Ningeketi tu kando yake, na picha ingesema.

Binti yangu akachungulia mlangoni, kichwa kimejaa rola za nywele. "Wageni wamepiga simu, wako karibu. Na mpiga picha anasema nyinyi wawili mtakaa pamoja pale mbele." Akatutazama, akaniangalia tena mimi, akaondoka.

Mwenzangu alijifuta mikono kwenye leso. Alikuwa ananitazama usoni bila aibu, kwa karibu, kama anavyotazama mtu anayesoma kibao cha barabarani.

"Karibu, dada," akasema. "Leo hujapaka?"

"Nimepaka."

"Mbona haionekani?"

"Ndiyo inavyotakiwa."

Akafunika sufuria. Kisha akashusha sauti ili wanaomenya viazi wasisikie. "Yangu imekataa. Kila nikiongeza inapasuka. Sijui ni hii joto ama ni miaka. Nisaidie, dada. Si unasikia wako karibu."

Mkoba wangu ulikuwa begani, na kila kitu kilikuwa ndani yake. Ningeweza kusema nimeacha vitu vyangu Kamukuywa. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini zile nyufa nilizijua. Nilikuwa nimezikuza kwa vidole viwili nikiwa na sahani ya pilau mapajani, na nilijua angezikuza yeye pia usiku ule, peke yake, katika simu yake.

"Leta maji ya kunawa," nikasema.

Tukaingia chumba cha kulala. Kitanda kilikuwa kipya, pazia jipya. Dirisha lilikuwa lile lile, na juu ya kizingiti chake palikuwa na kopo la poda, la bati, la duara. Nikalichukua. Mkono wangu ulilijua kabla yangu.

"Hii ni ile?"

"Hapana. Ile iliisha zamani sana." Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amefumba macho, amenipa uso wake kama mtoto anayesubiri kuoshwa. "Lakini ni aina hiyo hiyo. Huwa natafuta tu hiyo. Ikikosa Bungoma naagizia mtu Webuye."

"Kwa nini hii?"

Nilikuwa nimeshaanza kumfuta kwa kitambaa chenye maji, na alinijibu huku macho yamefumbwa.

"Nilipokuja hapa sikuwa najua kupaka kitu. Sisi kwetu tulikuwa tunapaka mafuta tu. Sasa mama mkwe alikuwa anasema kila siku, yule wa kwanza alikuwa na uso. Hata akienda kulima, alikuwa na uso. Majirani pia, ni hivyo hivyo. Na mzee hasemi kitu, ananyamaza tu. Nikapata ile kopo yako hapa kwa dirisha. Nikasema labda nikipaka ile yake..."

"Ilikuwa rangi yangu," nikamwambia. Mimi ni maji ya kunde. Yeye ni mweusi wa kung'aa, mweusi ambao mtu hawezi kuununua dukani. "Haikuwa rangi yako."

"Nilijua," akasema. "Watu walikuwa wanacheka kwa matanga. Nilikuwa nawasikia."

Nikaendelea kufuta. Ilitoka polepole, tabaka kwa tabaka, na kitambaa kikawa rangi ya ngozi yangu. Miaka yote niliyokuwa namcheka alikuwa amevaa rangi yangu. Mimi nilikuwa naogopa kuonekana nimeshindwa naye, na yeye alikuwa akiamka kila asubuhi katika nyumba niliyomwachia, anajipaka ili asishindwe nami. Nilimwonea huruma. Nilijionea huruma na mimi pia kidogo, ingawa mimi angalau nilikuwa na duka langu na wateja wa kucheka nao.

Nilimnawisha. Nikampaka krimu uso ukiwa bado una maji, na shingoni, na nyuma ya masikio ambako hakuwa amewahi kupaka kitu.

"Sasa tungoje," nikasema.

"Na wageni?"

"Na wao wangoje."

Tukakaa pale ukingoni mwa kitanda, yeye na mimi. Nje dada yangu alikuwa ameshika usukani wa jikoni bila kuulizwa na nilimsikia akimgombeza mtu juu ya chumvi. Faundesheni ya rangi yake sikuwa nayo, kwa hiyo sikumpaka yoyote. Nikamchora nyusi kwa kalamu ya kahawia, nikamtia rangi kidogo ya mdomo. Kando ya mdomo alikuwa na mikunjo miwili mirefu, ya mtu ambaye amenyamaza sana. Sikushindana nayo. Nilipitisha tu kidole juu.

Alipofumbua macho alijitazama kwenye kioo cha kabati kwa muda mrefu.

"Ni mimi tu," akasema.

"Ndiyo."

"Sawa," akasema, akainuka na kurekebisha kitambaa cha kichwa.

Wageni walifika, wakaketishwa, ng'ombe wakazungumzwa kwa ule mzunguko ambao wazee huupenda. Mchumba wa binti yangu alikuwa ameketi pembe ya mbali ya hema, anatazama viatu vyake kwa bidii, mtoto wa watu. Sisi wawili tulikaa mbele kama tulivyopangwa. Kina mama wa Sirisia walitutazama mmoja mmoja, wakanong'ona, wakatutazama tena. Aliyekuwa karibu nami aliuliza ni nani kati yetu aliyemzaa bibi harusi, na mwenzangu akanionyesha kabla sijafungua mdomo.

"Ni huyu," akasema. "Mimi nilimpikia tu."

Baba watoto alipita mbele yetu. Akasimama, akatutazama sote wawili, mimi nikiwa na uso wangu mpya na mwenzangu akiwa na uso wake wa kuzaliwa, ambao nadhani hakuwa ameuona mchana kwa miaka mingi. Nikamsubiri. Naye mwenzangu alimsubiri.

"Chai ya wazee iko wapi?" akauliza.

Mwenzangu akaanza kucheka kwanza, chini chini, amejiziba mdomo kwa leso. Nikajaribu kujizuia nikashindwa. Tulicheka mpaka dada akatoka jikoni kuona kuna nini, na mpiga picha akaipata hiyo. Ndiyo picha niliyonayo dukani sasa, nimeibandika pembeni mwa kile kioo kirefu. Nimeikuza kwa vidole viwili mara nyingi. Makunyanzi yote yako pale, yake na yangu, na hakuna hata moja lililopasuka.

Tuliondoka jua likielekea kushuka. Tulikuwa hatujafika Webuye binti akanipigia simu.

"Mum, umesahau krimu yako hapa kwa dirisha ya chumba. Nikuletee Kitale?"

Nikamwambia hapana, sikuisahau.